Asiyepiga kelele sokoni

Mtoto wa kaka yangu alinijia na daftari langu mwenyewe.

Ilikuwa alasiri, siku za mwisho za Rajabu, nyumbani kwa mama, Tanga. Nilikuwa nimeingia na basi kutoka Dar, nimejinyoosha mkekani barazani. Kijana yuko kidato cha pili. Akanipa shikamoo, akakaa, akaniwekea daftari mbele yangu: jalada la bluu, kona zimeliwa na mende. Alilikuta ndani ya sanduku la bibi yake, chini ya kanga za zamani. Ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu, kuna mwandiko wangu wa umri wa miaka 15: HOJA ZA BIBLIA JUU YA MTUME MUHAMMAD (S.A.W.). Chini yake aya 17, zimepangwa kwa namba.

Alikuwa ameshazihifadhi zote.

"Ami, nisikilize," akasema, akaanza. Kumbukumbu la Torati 18:18. Kumbukumbu 33:2. Isaya 29:12. Isaya 42. Wimbo Ulio Bora 5:16. Yohana 14:16. Alizitaja kama nilivyokuwa nikizitaja mwaka 1996, akivuta pumzi pale pale nilipokuwa nikivuta mimi, maana nilikuwa nimeweka alama za mkwaju kwa penseli ili nisikosee pa kutua.

Alipofika Wimbo Ulio Bora akasita.

"Hii shuleni wameikataa. Rafiki yangu anasema Kiebrania hakisemi hivyo. Ami, ni kweli jina la Mtume limo humu?"

Nikamjibu: "Limo."

Wiki sita zimepita. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Neno moja, mahali pengi

Nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniuma.

Ustadhi wetu alitufundisha hivi: pale ambapo Biblia ya Kiswahili inasema mpenzi wa kwenye Wimbo anapendeza kote, Kiebrania kina neno *mahamadim*. Ondoa hiyo *-im* ya mwisho, ambayo ni ya heshima kama ile ya Elohim, jina la Mungu kwa Kiebrania, unabaki na Mahamad. Tulikuwa tukipiga takbira mpaka koo zikauke. Kwa mtoto asiyejua hata herufi moja ya Kiebrania, ilikuwa kama kuingia nyumba ya jirani ukakuta kanzu ya baba yako imetundikwa ukutani.

Miaka tisa iliyopita niliweka kwenye simu programu ya Biblia ya Kiebrania, ile ambayo ukigusa neno inakuonyesha kila mahali lilipotumika. Nikaligusa. Likafunguka. Mzizi ni h-m-d, ule ule wa *hamdu* yetu, ila kwa Kiebrania umeelekea kwenye kutamani na kupendeza. Neno lenyewe, *mahmad*, limo katika Maombolezo, Yerusalemu ikililia vitu vyake vya thamani. Limo katika 1 Wafalme 20, mfalme wa Shamu akitishia kumnyang'anya Ahabu kila kinachopendeza machoni pake. Na limo katika Ezekieli 24:16, Mungu akimwambia nabii kwamba atamwondolea kwa pigo moja kile ambacho macho yake yanakipenda, naye asilie. Jioni yake mkewe akafa.

Niliisoma mara tatu. Kisha nikaiweka simu chini.

Ikiwa neno hilo ni jina la Mtume wetu katika Wimbo, basi ni jina lake pia linapotajwa kama ngawira ya mfalme wa Shamu, na ni jina lake pale anapozikwa mke wa Ezekieli. Hakuna Mwislamu atakayelikubali hilo, na mimi silikubali. Huwezi kulibeba neno pale linapokufurahisha ukalitupa linapokusumbua.

Hayo niliyajua miaka tisa, na bado mtoto aliponiuliza nilisema limo. Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa ananitazama kama nilivyokuwa nikimtazama ustadhi.

Aya nilizoziruka

Usiku ule mama alipolala nililichukua daftari nikalipitia kwa tochi ya simu. Nilitaka kuona yule kijana wa 1996 alikuwa mtu wa namna gani.

Kwenye Yohana aliandika 14:16, Msaidizi mwingine atakayekaa nanyi. Kisha akaruka mpaka 16:7. Katikati pana 14:26, ambapo huyo Msaidizi anatajwa waziwazi kuwa ni Roho Mtakatifu. Hiyo hakuiandika. Si kwamba aliificha, hakuwahi kuisoma. Sote tulikuwa tukisoma Biblia kwa kurukaruka, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na mawe tulikuwa tumewekewa na waliotutangulia.

Mhadhara wenyewe wa kulinganisha dini ulikuwa hivyo. Waliokulia kwetu wanakumbuka: uwanja wa vumbi, meza yenye kitambaa cha kijani, mhadhiri na kipaza sauti, na pembeni yake msomaji mwenye Biblia mkononi. "Soma!" Msomaji anasoma. "Rudia hapo!" Anarudia. "Basi!" Msomaji anafunga mdomo, hata kama sentensi haijakwisha. Mimi nilikuwa msomaji wa akiba. Nilijifunza kunyamaza pale ninapoambiwa ninyamaze, nikadhani huko ndiko kusoma.

Pia tulifundishwa kwamba Kigiriki cha mwanzo kilikuwa *periklutos*, mwenye kusifiwa, yaani Ahmad, wakakigeuza kuwa *parakletos*. Nimelifuatilia hili kwa miaka. Nakala za zamani za Yohana zilizopo leo, hata ile ya mafunjo inayokadiriwa kuwa ya mwaka 200 hivi, zaidi ya miaka 350 kabla ya kuzaliwa kwa Mtume, zina *parakletos*. Hakuna hata moja yenye lile neno jingine. Lililonishangaza zaidi liko kwetu wenyewe. Ibn Is'haq, mwandishi wa sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, aliyefariki karibu mwaka 767, anainukuu Injili ya Yohana kwa neno la Kisiria, *munhamanna*, kisha anasema kwa Kirumi, yaani Kigiriki, ni *baraqlitis*. Ni *parakletos* lile lile. Mzee wetu wa kwanza kuiandika hoja hii hakudai kwamba herufi zimebadilishwa. Alisema tu kwamba Msaidizi huyo ni Muhammad.

Hiyo ni hoja ya aina nyingine kabisa, na ina uzito wake. Yohana 16:13 inasema ajaye hatanena kwa shauri lake mwenyewe, atanena atakayoyasikia. Soma hapo, kisha soma mwanzo wa Suratun Najm, kwamba Mtume hatamki kwa matamanio yake, ni ufunuo anaofunuliwa. Mwislamu gani hatasisimka? Mimi nasisimka mpaka leo, na 14:26 naijua.

Kiswahili nacho kimetuficha jambo. Neno *parakletos* limo pia katika 1 Yohana 2:1, na humo anayeitwa hivyo ni Yesu mwenyewe. Lakini Biblia yetu kwenye Injili imeandika Msaidizi, na kwenye Waraka imeandika Mwombezi. Ukisoma Kiswahili peke yake huwezi kujua kwamba ni neno moja, wala huwezi kuelewa vizuri kwa nini Yohana 14 inasema Msaidizi *mwingine*. Wa kwanza alikuwa yeye.

Daftari lilitoka wapi

Sikulitunga mimi. Nililinakili kwa ustadhi, naye alinakili kutoka kaseti za Ahmed Deedat, mhadhiri wa Kiislamu wa Durban, Afrika Kusini. Deedat mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa kijana muuza duka huko Natal, wanafunzi wa misheni ya jirani walikuwa wakija dukani kumsakama kwa maswali, mpaka alipokuta kitabu cha mwanachuoni wa Kiislamu, Rahmatullah Kairanawi. Na Kairanawi ndiye aliyekabiliana na mmisionari Karl Pfander katika mdahalo wa Agra, India, mwaka 1854.

Agra, Durban, Tanga. Kila kituo kina mtu aliyeanza kwa kushambuliwa.

Kwetu pia ilianzia hivyo. Kabla sisi hatujaifungua Biblia viwanjani, Kanoni Godfrey Dale wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alikuwa ameshaifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1923, na maelezo yake yaliandikwa ili Mkristo apate la kujibu. Nasema haya kwa sababu wapo wanaodhani mihadhara ilizuka kwa watu wakorofi. Ilitoka kwa watu waliochoka kuambiwa kwamba Mtume wao ni wa uongo. Nilikuwa mmoja wao. Darasani kwetu mwalimu mmoja alilisema hilo mbele yetu sote, na siku ile ile nilinunua kalamu nyekundu.

Lakini kitu kilichochongwa kuwa ngao, ukikitumia miaka 30 kuwapiga watu, kinabadilika mkononi.

Mzee wa miaka 70

Wiki ya tatu nilimrudia Ali bin Rabban at-Tabari. Huyu alikuwa tabibu Mkristo wa Kinestori, yaani wa Kanisa la Mashariki, aliyehudumu katika majumba ya makhalifa wa Abbasi. Aliishi Ukristo wake mpaka akafikia miaka 70, ndipo akasilimu. Kisha, zama za Khalifa al-Mutawakkil, katikati ya miaka ya 800, akaketi kuandika mahali pote ambapo sasa alikuwa anamwona Muhammad katika Maandiko.

Maandiko hayo alikuwa anayajua tangu utotoni, kwa Kisiria, lugha ya sala zake. Hakuruka mawe. Anampitia Musa, Daudi, Isaya, Habakuki, Danieli, na kila mahali Kisiria kinapotaja mwenye kusifiwa anasimama. Baadhi ya hoja zake leo hazisimami. Lakini humo sikusikia kipaza sauti. Nilimsikia mzee aliyerudi nyumba aliyoishi maisha yake yote, anafungua madirisha ambayo hakuwahi kuyafungua.

Kabla yake, karibu mwaka 781, Khalifa al-Mahdi alikaa Baghdad na Patriaki Timotheo, kiongozi wa Kanisa la Mashariki, akamuuliza maswali yale yale ya daftari langu: Msaidizi ni nani? Yule mpanda ngamia wa Isaya 21 ni nani? Nabii kama Musa ni nani? Timotheo alikana. Akasema kwamba lau angekuta katika Injili bishara ya Muhammad angeiacha Injili akaifuata Qur'ani, kama alivyotoka kwenye Taurati na Manabii kuifuata Injili. Lakini pia alisema mbele ya Khalifa kwamba Muhammad alipita katika njia ya manabii, akaeleza namna. Wakaagana kwa heshima.

Mfalme angeweza kumfunga. Alimsikiliza siku mbili.

Kwani wao walisomaje?

Nisieleweke vibaya. Sijahamia upande wa wanaosema kwamba Waislamu wanachomoa aya. Mathayo 2:15 inasema mtoto Yesu alirudishwa kutoka Misri ili litimie neno la nabii. Fungua Hosea 11:1 uone nabii anazungumza nini: taifa la Israeli, na kutoka kwake Misri zamani za Musa, na aya inayofuata inalalamika kwamba walikwenda kufukizia sanamu. Mathayo hakuwa mjinga, alikuwa anaijua Hosea. Alisoma kama mtu aliyekwisha kukutana na anayemtafuta, na sasa anamwona kila kona.

Kwa hiyo ndugu yangu Mkristo akiniambia Kumbukumbu 18, ile ahadi ya nabii kama Musa kutoka kwa "ndugu zao", haimhusu Muhammad kwa sababu "ndugu zao" ni Waisraeli, namkubalia kwamba ana hoja, tena nzito. Sura moja kabla, 17:15, Israeli wanaambiwa mfalme awe mmoja wa ndugu zao, asiwe mgeni. Mimi nitamkumbusha 23:7, ambapo Mwedomi naye anaitwa ndugu, na Edomu si Israeli. Tutabaki hapo. Lakini asiniambie kusoma kwangu ni uzushi na kwa Mathayo ni ufunuo, halafu tukaita huko ni kulinganisha dini kwa haki.

Myahudi anatutazama sote wawili. Mwaka 1172 hivi Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi, yule wanayemwita Maimonides, aliwaandikia Wayahudi wa Yemen waliokuwa wakishinikizwa kusilimu. Akawajibia mlima Parani wa Kumbukumbu 33:2, akawajibia nabii wa Kumbukumbu 18, akawajibia hata ile hesabu ya herufi za Mwanzo 17:20 inayotoa 92, sawa na jina Muhammad. (Hiyo nayo ilikuwa kwenye daftari, namba 14.) Watu wake walikuwa wanateswa kwa aya zao wenyewe. Nilipofika hapo nilifunga nilichokuwa nasoma, nikamfikiria yule rafiki wa kijana wetu.

Maana sikueleza lililotokea shuleni. Rafiki huyo ni Mkristo, wanakaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Ramadhani iliyopita alifuturu kwetu karibu kila siku, na mama alikuwa akimtengea bakuli lake la tambi. Kijana wetu alimsimamisha mbele ya darasa na daftari langu. "Soma! Rudia hapo! Basi!" Wenzao wakacheka. Tangu siku hiyo yule mtoto amehamia dawati la nyuma.

Daftari ni langu. Mwandiko ni wangu.

Njia kuu

Lililonigeuza lilikuja wiki ya tano, na lilitoka mahali nilipopasoma mara nyingi.

Katika Sahihi al-Bukhari, mkusanyo wa hadithi za Mtume, kuna riwaya ya Ata bin Yasar. Anasema alikutana na Abdullah bin Amr bin al-As, sahaba wa Mtume, akamuuliza sifa za Mtume ndani ya Taurati. Abdullah akaapa kwamba ametajwa humo, akaanza kuzisoma: shahidi, mbashiri, muonyaji, mja wangu na mtume wangu, si msusuwavu wala mwenye moyo mgumu, wala si mpiga kelele masokoni, halipi baya kwa baya bali husamehe, na kwamba Mungu hatamfisha mpaka kwa yeye yafumbuke macho yasiyoona na masikio yasiyosikia.

Hapo ni Isaya 42. Mtumishi nimtegemezaye. Hatapaza sauti yake wala kuifanya isikiwe katika njia kuu. Mwanzi uliopondeka hatauvunja. Kuyafunua macho ya vipofu.

Hii ni miongoni mwa bishara za zamani kabisa zilizopokewa na Waislamu. Haimo kwenye kaseti pekee, imo kwenye Bukhari. Na katika sifa zote ambazo Mwenyezi Mungu angeweza kumtambulishia kipenzi chake kwa watu wa Kitabu, mojawapo ni hiyo: hapigi kelele sokoni.

Nasi tuliitangazia wapi? Penye soko, kwa spika nne zilizofungwa juu ya mti, Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Nililia. Sioni haya kulisema.

Nilikuwa nimeihifadhi aya hiyo kwa sababu ya Kedari, mtoto wa Ismaili, anayetajwa katika 42:11, na Sela inayotajwa karibu naye, ambayo wetu wengi huiona kuwa ni mlima Sal' wa Madina. Jiografia niliikamata vizuri. Tabia ya mtu mwenyewe, iliyoandikwa aya tisa juu yake, nilikuwa nairuka ili nifike kwenye ramani.

Najua Mathayo 12 inaisoma Isaya hiyo hiyo kwa Yesu. Najua Isaya 41:8 inamtaja Israeli kwa jina la mtumishi, na Wayahudi hushika hapo. Hata hivyo mimi namwona Mtume wangu humo. Namwona kwa sababu namjua: namjua yule aliyerudi kutoka Taif miguu inatoka damu na akakataa kuwaombea maangamizi waliompiga mawe. Sikumjua kwa Isaya. Nilimjua kwanza, ndipo nikamtambua. Nadhani hata mzee at-Tabari ilikuwa hivyo, na pengine Mathayo naye kwa Nabii Isa.

Ila aliyemtambua mtu kwa namna hiyo hawezi kumshika mwenzake shati na kumwambia kwa nini wewe humwoni.

Jumamosi

Nilipanda basi la asubuhi kwenda Tanga, nikiwa nimefunga. Ni kumi la kwanza la Ramadhani. Baada ya alasiri nikamwita kijana, nikamwambia alete daftari na Biblia.

Nikamwambia: "Siku ile uliniuliza swali nikakujibu vibaya."

Akanitazama. Nikampa Ezekieli 24, nikamwambia asome kuanzia aya ya 15 na asisimame mpaka nitakapomgusa. Sikumgusa. Alisoma mpaka mwisho wa sura, sauti ikizidi kushuka.

"Huyu aliyeondolewa ni mke wake?"

"Ni mke wake. Na neno la Kiebrania ni lile lile."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akachukua kalamu yake ya bluu, na kando ya Wimbo Ulio Bora 5:16 akaandika kwa herufi ndogo: *Tazama Ezek. 24:16*. Hakuifuta. Akafungua ukurasa wa Yohana, akauliza kati ya 14:16 na 16:7 pana nini, nikamwambia aanze sura ya 14 kutoka juu. Isaya 42 tuliisoma pamoja, mara mbili, na riwaya ya Bukhari nikamsomea kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili. Ilipofika kwenye masoko akainamisha kichwa.

"Sasa yule nimwambie nini, ami?"

"Mwambie ami yako alikosea kuhusu Wimbo. Anzia hapo."

"Nimtumie ujumbe kwenye simu?"

Mama alikuwa mlangoni, ungo mkononi, anachagua mchele. Sikujua kama alikuwa anatusikiliza.

"Mwambie aje," akasema. "Tambi zipo."